Anansi Si Cheti cha Tabia ya Mjamaika



Kuna neno linalozunguka katika mabaraza yetu hapa Uingereza, na nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba nikiendelea kunyamaza nitahesabiwa miongoni mwa wanaolikubali. Neno lenyewe ni kwamba Wajamaika ni watu wa ujanja na ulaghai, na ushahidi umo ndani ya ngano zao wenyewe, ambazo mhusika wake mkuu ni Anansi, buibui mwizi, mwongo, mlafi na mvivu. Anayelisema huongeza, kwa sauti ya mtu aliyekwisha shinda kesi, "Hata wao wenyewe wanakiri."

Mara ya mwisho nimelisikia mahali pasipostahili mzaha, kwenye kikao cha posa. Kijana mwenye asili ya Jamaika, aliyezaliwa na kusoma hapa hapa, alituma wazee wake kwa heshima zote kumposa binti wa familia moja ya kwetu. Wageni walipoondoka, mzee wetu mmoja, mtu msomi na mwenye kauli inayosikilizwa, akauliza: watu wanaowalea watoto wao kwa hadithi za kumsifu mwizi, tutawapaje mtoto wetu? Hakuuliza kijana anafanya kazi gani. Hakuuliza anasali wapi, wala anaishi vipi na mama yake. Buibui alitosha. Watu wakatikisa vichwa, na jibu la posa likaahirishwa mpaka leo.

Binti ana wazee wake, wao ndio wenye kauli juu yake, nami sitaki kuingilia nyumba ya watu. Ninachotaka kukipinga hapa ni ile hoja, kwa sababu imekwisha kuwa mazoea, na kwa sababu ni hoja mbovu.

Kwanza tumpe mzee haki yake. Anansi kweli ni mwizi. Anaiba chakula cha jirani, anamdanganya rafiki, anawapunja hata wanawe. Na ni kweli kwamba Wajamaika wenyewe wamebishana juu yake. Huko kwao, mwanasiasa anayesema hili asubuhi na lile jioni huambiwa anafanya mambo ya Anansi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwapo walioandika magazetini kwamba buibui huyu aondolewe katika malezi ya watoto. Baadaye ukaja ule ulaghai wa simu, vijana wanawapigia wazee wa Marekani kuwaambia wameshinda bahati nasibu na watume pesa kwanza, mpaka Jamaika ikatunga sheria maalumu mwaka 2013. Hapo tena kidole kikaelekezwa kwa buibui.

Lakini hebu tufanye kama tufanyavyo kazini. Ukishuku kwamba kitu fulani ndicho kinachosababisha hitilafu, unakitafuta kitu hicho mahali pengine na kutazama kama hitilafu ipo. Anansi hakuzaliwa Jamaika. Alitoka kwa Waakan wa Ghana ya leo, ambako jina lake ni neno la kawaida la buibui, akavuka bahari pamoja na watu waliofungwa minyororo. Yuko Suriname. Yuko Curaçao, wanakomwita Nanzi. Waghana wanamsimulia mpaka leo, na Waghana tunaishi nao mitaa ile ile ya London, tunafanya nao biashara, tunawasifu kwa uungwana wao. Sijamsikia mzee yeyote akisema tusiozeshane na Waghana kwa sababu ya buibui. Na ulaghai wa simu unafanywa kutoka nchi nyingi ambazo jina la Anansi halijasikika kabisa. Basi kama mbegu ni ile ile na mazao ni tofauti, tazama udongo, uiache mbegu.

Mimi kazi yangu ni mabomba ya maji. Nilikuja nchi hii miaka ya tisini kusomea uhandisi, nikabaki. Kwenye bomba kubwa hufungwa geji ya presha. Ukiisoma inakwambia maji yanasukuma kwa nguvu kiasi gani, lakini haikwambii bomba limetengenezwa kwa chuma gani. Fundi anayetazama geji akasema "chuma hiki kibovu" tunamrudisha darasani. Ngano za mjanja, za Anansi na za wengine wote, ndivyo zilivyo. Zinapima uzito uliowakandamiza watu. Kuzisoma kama orodha ya tabia zao ni kuisoma geji vibaya.

Na presha ile ilikuwaje? Waingereza waliiteka Jamaika kutoka kwa Wahispania mwaka 1655, wakaifanya shamba moja kubwa la miwa. Mpaka biashara ya watumwa ilipopigwa marufuku, takribani Waafrika milioni moja walikuwa wameshushwa katika bandari zake. Ilipofika mwaka 1834, sheria ya kufuta utumwa ilipoanza kutumika, watumwa waliohesabiwa kisiwani walikuwa kama 311,000. Hata ukiwatoa wale waliopelekwa mbele kuuzwa katika makoloni mengine, na hata ukiwaongeza walioachwa huru, hesabu haifungi. Watu waliletwa kwa meli, wakaliwa na mashamba.

Tena kuna suala la chakula, nalo ndilo ninalotaka tulitazame kwa makini. Wenye mashamba hawakutaka kutoa pesa kuwalisha watumwa. Wakawagawia vipande vya ardhi milimani, mahali pasipofaa miwa, walime wenyewe viazi vikuu, ndizi na mihogo katika muda uliobaki baada ya kazi ya bwana. Ziada waliiuza katika soko la Jumapili. Dhoruba ikipiga, hakuna chakula. Katika miaka ya 1780 vimbunga vilifuatana, na huku vita vya Marekani vimekata meli za nafaka na samaki. Baraza la kutunga sheria la kisiwa chenyewe, yaani baraza la wenye watumwa, lilikadiria kwamba watumwa 15,000 walikufa kwa njaa na maradhi yaliyoletwa na njaa kati ya mwaka 1780 na 1787.

Sasa rudi kwenye ngano, uone Anansi anaiba nini. Aghalabu haibi dhahabu, haibi nguo, haibi kiti cha mfalme. Anaiba chakula. Ni viazi vikuu, ndizi, nyama kwenye chungu cha mwenzake. Ni kweli kwamba buibui alikuwa mlafi hata alipokuwa kwao Afrika, siwezi kulificha hilo. Lakini kuna kilichobadilika njiani. Kwa Waakan, hadithi zote za dunia zilikuwa mali ya Nyame, mwenye mbingu, na Anansi alizinunua kwake kwa bei iliyotajwa: amletee chatu, mavu, chui na kizimwi wa msituni. Ni biashara, muuzaji yupo na bei ipo. Katika masimulizi ya Jamaika, Nyame ameondoka. Hadithi ni mali ya Tiger, mnyama mwenye meno, mwenye nguvu, asiyechekwa na mtu, na Anansi anapomwomba hadithi ziitwe kwa jina lake, msitu mzima unamcheka. Misitu ya Jamaika haijapata kuwa na tiger hata mmoja, wala chui, wala simba. Lakini waliokuwa wakisikiliza usiku, mgongo ungali unauma kwa kiboko cha mnyapara, hawakuhitaji kupelekwa bustani ya wanyama ili wajue Tiger ni nani.

Hapa napenda nisimame kidogo, kwa sababu kuna kundi la pili ambalo nalo linastahili kuambiwa ukweli. Hawa ni wale wanaompenda Anansi kupita kiasi. Wasomi na watu wa filamu wamemfanya mpigania uhuru. Katika tamthilia ya televisheni ya Marekani ya mwaka 2017, American Gods, Anansi anatokea katika tumbo la meli ya watumwa, amevaa suti ya kupendeza, anawahutubia waliofungwa waichome meli. Inasisimua, sikatai. Vijana wetu wameipenda sana. Lakini Anansi wa ngano hafi kwa ajili ya mtu, na wala hahutubii. Akiona moto, yeye ndiye wa kwanza kutoka.

Chukueni ngano ya ndizi. Njaa imeingia nyumbani kwa Anansi. Baada ya kuhangaika amepata ndizi mzuzu nne tu, na nyumbani yuko mke na watoto watatu. Ndizi nne, watu watano. Anazichoma, anampa mke moja na kila mtoto moja, yeye anakaa pembeni akiugulia kwamba hana njaa, wale tu, yeye atavumilia. Watoto wanamwonea huruma baba yao. Mmoja anamkatia nusu, wa pili nusu, wa tatu nusu, na mama naye nusu. Fanyeni hesabu: kila mmoja amebaki na nusu ndizi, na Anansi ana ndizi mbili kamili. Amekula mara nne ya mtoto wake, na amesifiwa kwa ukarimu.

Hapa bwana shamba yuko wapi? Mzungu yuko wapi? Hayumo. Anayeibiwa ni mtoto, na anayeiba ni baba, tena anaiba kwa kutumia huruma ya mtoto. Anayesema ngano hii ni mapambano dhidi ya ukoloni hakuisikiliza. Na anayesema inawafundisha watoto kuwa kama Anansi, yeye ndiye hajaisikiliza kabisa, kwa sababu mtoto anayesimuliwa anajiona katika wale watatu wenye nusu nusu. Anachojifunza ni kumtazama vizuri mtu mzima anayesema hana njaa. Katika kisiwa ambacho njaa iliua watu kwa maelfu, hilo ni somo la kumwokoa mtoto.

Na mara ngapi buibui anashindwa! Kuna ile ambayo amekusanya akili zote za dunia katika kibuyu, anataka kukificha juu ya mti, amekining'iniza tumboni, kila akipanda kinamzuia. Mtoto mdogo aliye chini anamwambia kifunge mgongoni. Kwa hasira ya kufundishwa na mtoto anakiangusha, kinapasuka, na akili inatawanyika kila mtu akaokota yake. Kuna ile ambayo amejifanya amekufa ili ale shamba peke yake usiku, akanaswa kwenye sanamu la ulimbo. Ngano nyingi sana zinaishia kwake kukimbilia darini kwa aibu, na ndiyo maana mpaka leo buibui anakaa kwenye pembe za dari. Huyo ndiye wanayesema anasifiwa. Shujaa gani huyo ambaye malipo yake ni kujificha?

Basi tujiulize: kama ngano zenyewe ziko hivi, habari ya Mjamaika mlaghai imetoka wapi? Nadhani sehemu kubwa imetoka kwa walioziandika. Miongoni mwa wa mwanzo kuandika habari za hadithi hizi ni Matthew Lewis, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza aliyerithi mashamba mawili Jamaika pamoja na mamia ya watumwa. Alikwenda kuyatazama mara mbili, akafa baharini mwaka 1818 akirudi, na shajara yake ikachapishwa mwaka 1834. Alikuwa mtu wa huruma kwa kipimo cha wenziwe, lakini alikuwa mwenye mali. Hebu fikiria uko mbele ya mtu anayekumiliki, anakwambia nisimulie hadithi zenu. Utamsimulia ipi? Na utaikata wapi? Hilo peke yake lilitosha kuupinda ushahidi wote, maana sampuli ilichukuliwa na mtu ambaye maji yanabadilika rangi akiyakaribia.

Waliofuata walikuwa bora zaidi, lazima niseme. Walter Jekyll, Mwingereza aliyeishi milimani huko, alichapisha kitabu mwaka 1907 akatia hadithi pamoja na nyimbo zake na hata noti za muziki. Na hapa kuna jambo litakalowafurahisha wasomaji wa gazeti hili. Utangulizi wa kitabu hicho uliandikwa na Alice Werner, yule yule aliyekuja kufundisha Kiswahili katika chuo cha SOAS hapa London na kuandika juu ya tenzi zetu. Bibi huyo aliona mapema, kabla ya wengi, kwamba ngano za Jamaika na ngano za Wabantu zinatazamana. Miaka zaidi ya mia moja iliyopita mwalimu wa Kiswahili alituonyesha ndugu zetu, nasi leo tunakaa kwenye kikao cha posa tunawakana.

Mmarekani Martha Beckwith naye alichapisha mkusanyo mkubwa mwaka 1924, kutoka kwa wasimulizi wa kijijini wenyewe. Lakini hata karatasi iliyo nzuri ina upungufu wake. Msimulizi wa Jamaika akifika kwenye maneno ya Anansi hubadilisha sauti, humsemesha kwa kithembe na kwa puani, kama mtu anayemwigiza mpumbavu wa mtaani. Watu hucheka kabla hata buibui hajamaliza uongo wake. Kwenye kitabu sauti hiyo imekufa. Umebaki na maneno ya mwizi yamepigwa chapa vizuri, na msomaji wa mbali anadhani anasoma maneno ya mtu anayeheshimiwa.

Kilichopotea zaidi ni mwisho. Hadithi ya Anansi kwa desturi haiishi mpaka msimulizi amwambie Jack Mandora kwamba yeye hakuichagua hadithi hii. Louise Bennett, bibi wa Kijamaika aliyezisimulia ngano hizi jukwaani, redioni na kwa watoto kwenye televisheni kwa miaka mingi, na aliyefariki Toronto mwaka 2006, ameeleza maana yake. Jack Mandora ni bawabu wa mlango wa mbinguni. Mtoto alipomaliza kusimulia maovu ya Anansi alitakiwa amjulishe bawabu kwamba yeye si mshirika wa maovu hayo. Nimelisoma hilo nikaweka kitabu chini. Watu wanaodaiwa kumsifu mwizi, kumbe kila hadithi ikiisha wanajitenga naye mbele ya mlango wa pepo! Na Waakan, kabla hata ya kuanza, husema kwamba wanayokwenda kuyasema si ya kweli.

Sisi nasi tunasemaje? Hadithi hadithi. Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Tumeuita uongo kwa jina lake, tukaukaribisha, na hakuna mtoto wa Tanga, Lamu wala Unguja aliyepata kudhani kwamba bibi yake anamfundisha kusema uongo. Mtoto alielewa kwamba mlango umefunguliwa wa nyumba nyingine, na asubuhi utafungwa. Wengi wetu tulikatazwa hadithi mchana. Jamaika nako ni vivyo hivyo, ni mambo ya usiku, na hasa usiku wa matanga, ule wanaouita usiku wa tisa, watu wanapokesha na wafiwa kwa nyimbo, chakula na vichekesho vya Anansi ili waliobaki waweze kupumua.

Kilicho kibaya zaidi katika hoja ya mzee ni kudhani kwamba utamaduni wote umo katika ngano. Ngano haisimulii kinachokwenda sawasawa, kwa sababu hakichekeshi. Wajamaika waliofika hapa miaka ya hamsini na sitini walikuta benki haziwakopeshi na wenye nyumba hawawapangishi. Walifanya nini? Walicheza upatu. Wao wanauita pardner: kila wiki kila mtu anatoa chake, mmoja anakusanya, na kwa zamu mmoja anachukua chungu chote. Hapana mkataba, hapana mwanasheria. Wengi walitoa malipo ya kwanza ya nyumba zao kwa pesa hizo. Kina mama wetu wanaocheza upatu wanajua kwamba mchezo huo haukai hata miezi mitatu mahali penye watu wasioaminika. Sijapata kusikia ngano ya Anansi ambayo kila mtu alitoa pesa yake siku ya Ijumaa na kila mtu akapata zamu yake. Nani angekesha kuisikiliza?

Wala hamtamkuta Sam Sharpe kwenye ngano. Shemasi huyu wa Kibaptisti, naye mtumwa, aliandaa mgomo wa watumwa baada ya Krismasi ya mwaka 1831. Aliwaambia wenzake wasirudi kazini bila ya mshahara. Mgomo ukageuka maasi ya makumi ya maelfu ya watu, zaidi ya 300 wakanyongwa, na yeye mwenyewe akanyongwa Mei 1832. Mwaka uliofuata bunge la London likapitisha sheria ya kufuta utumwa. Kabla yake walikuwako Wamaroon wa milimani, waliopigana na jeshi la Uingereza mpaka likakubali mikataba mwaka 1739, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa mwanamke, Nanny. Jamaika huru imechagua mashujaa wa kitaifa saba, Sharpe na Nanny wamo. Buibui hayumo. Wenyewe wanajua vizuri nani wa kuwekewa sanamu na nani wa kuchekwa usiku.

Na tukitaka ushahidi wa karibu, tukumbuke yaliyofichuka hapa mwaka 2018. Wazee waliokuja kutoka Karibi wakiwa watoto, wakisafiria pasi za wazazi wao, waligundulika wamefukuzwa kazi, wamenyimwa matibabu, wengine wamefungwa na kurudishwa visiwani, kwa sababu hawakuwa na karatasi. Hawakuwa nazo kwa kuwa walikuja kihalali kama raia wa Dola ya Kiingereza, na hakuna aliyewaambia wakatafute nyingine. Kadi zao za kushukia melini zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Waliamini, ndiyo kosa lao. Sisi wa Afrika Mashariki, tuseme kweli, ni wangapi tungekaa miaka hamsini bila ya kupiga fotokopi ya kila karatasi na kuificha chini ya godoro? Mjanja hapo ni nani?

Nasema haya kwa sababu kipimo hiki kimekwisha kutumiwa juu yetu. Askofu Steere alichapisha hadithi za Unguja mwaka 1870, na ndani yake yumo Sungura anayekula asali ya Simba na kuponyoka kwa ulimi wake. Yumo midomoni mwetu Abunuwasi, aliyerudisha sufuria ya jirani na kijisufuria ndani akasema imezaa, na alipoazima kubwa zaidi akasema imekufa. (Abunuwasi wa kweli alikuwa mshairi mkubwa wa Baghdad zama za Harun al-Rashid. Tumemfanya tapeli wa vyombo vya jikoni, na hakuna aliyetushitaki.) Jiji letu kubwa tumeliita Bongo kwa kuwa asiyetumia ubongo halimlishi. Na huko bara, mtu akitaka kusema fulani ana maneno mengi na hashikiki, anasema "huyo Mswahili sana". Tunaumia tukilisikia. Tunasema ni ujinga wa watu wasiotujua, kwamba wameokota hadithi mbili tatu za sokoni wakatuhukumu sote, waliokufa na wasiozaliwa. Tunasema kweli. Sasa kwa nini tukifika Birmingham tunaichukua rungu ile ile na kumpiga nayo Mjamaika?

Nina pendekezo kwa kamati ya darasa letu la Jumamosi. Watoto wanasoma Sungura na Abunuwasi, ni vizuri. Mtaani kwetu wapo wakina bibi wa Kijamaika waliozaliwa vijijini, wanaozijua ngano za Anansi kama zilivyosimuliwa kabla ya vitabu, na umri unakwenda. Waalikwe, mmoja kila mwezi. Pasiwe na kitabu cha picha wala filamu, asimulie kwa mdomo wake, kwa ile sauti ya kithembe, na watoto wetu waitikie. Kisha mmoja wa kina mama zetu asimulie wa kwetu. Chai na mandazi nitagharimia mimi kwa miezi sita ya mwanzo. Ninaomba tu iwe jioni, jua likishazama, kwa maana nimeambiwa bibi wa kwanza niliyezungumza naye hasimulii mchana.